Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa kompyuta ya pamoja, kutoka kwa balozi wako wa Tanga

Kumb. Na.: Sina. Barua zangu tano zilizotangulia nazo hazikupewa.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: KUFUTWA KWA KAZI YA MIEZI MITATU NA UKIMYA WA OFISI YAKO

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni mwalimu katika chuo kimoja hapa Tanga na ni balozi wako wa kujitolea, ninayewaelekeza watafiti wa huku namna ya kutumia kompyuta yako kubwa. Nasema "wako" kwa sababu fulana niliyopewa ina nembo ya mradi wako, na kitambulisho nilichovishwa siku ya semina kina jina langu, limekosewa herufi moja tu.

Jumatatu iliyopita, saa mbili asubuhi, nilimkuta mwanafunzi wangu wa uzamili amesimama mlangoni kwa ofisi yangu. Hakuniamkia. Binti yule hajawahi kunipita bila shikamoo, nikajua kuna msiba. Akafungua laptopu yake, akanigeuzia kioo. Folda tupu.

Anachunguza mvua za Oktoba 2019, zile zilizoleta mafuriko Handeni na Korogwe. Anataka kujua kama modeli, yaani programu ya kompyuta ya kutabiri hali ya hewa, ingeweza kuiona mvua ile siku mbili kabla haijashuka. Kazi moja ya modeli yake inachukua viini 64 (zile sehemu za kompyuta zinazopiga hesabu) kwa saa 10, yaani saa 640 za kiini, na alishaendesha zaidi ya arobaini. Laptopu yake ina viini vinne. Kazi moja tu humo, hata mahesabu yakienda vizuri, ingekula karibu wiki nzima usiku na mchana bila kuzimika, na umeme wetu unaufahamu. Ndiyo maana nilimleta kwenu. Nilimfuata mwenyewe maktaba, nikamwambia, mwanangu, acha kujitesa, kuna kompyuta kubwa ya watafiti wote, bure.

Kilichofuta kazi yake ni kanuni yako: faili lisiloguswa siku 30 kwenye diski ya muda linafagiwa. Sipingi kanuni. Kompyuta ya watu wengi isipofagiwa hujaa, na mashine nyingi za namna hii duniani zina ufagio wa aina hiyo. Najua pia diski ya muda haina nakala rudufu, na hapo nakubali nina lawama yangu, ningemsisitiza zaidi ahamishe mapema. Lakini ahamishie wapi? Gigabaiti mia tatu azipakue kwa bando la simu? Nafasi kwenye diski ya kudumu tuliiomba. Fomu niliijaza kwa mkono wangu. Ina wiki ya saba leo, na kila nikiifungua inasomeka "linashughulikiwa".

Tulitarajia angalau onyo kabla ya kufagiwa. Nadhani lilipelekwa kwenye barua pepe za chuo, ambazo kwa wiki mbili zilikuwa hazifunguki. Au halikutumwa kabisa. Wenzangu wa mikoani wanasema kijana aliyekuwa anatuma matangazo ameondoka na nafasi yake haijajazwa. Nabahatisha, Mheshimiwa, na nitaendelea kubahatisha maadamu hakuna anayepokea simu.

Nikukumbushe kwa heshima. Siku ya semina, Dar es Salaam, ulisimama wewe mwenyewe ukatuahidi mambo matatu: saa za kompyuta za kuanzia ili tuwaonyeshe watu kabla hawajaomba za kwao, bando la kila mwezi, na mtu wa ofisini kwako atakayekuwa wetu sisi mabalozi. Tulipiga makofi. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, nilipiga mpaka viganja vikawasha.

Saa za kuanzia sijaziona. Bando nanunua mwenyewe. Nimekwenda Lushoto mara mbili na Korogwe mara tatu kwa nauli yangu, nimekaa na watafiti wa mkonge, wa ng'ombe, wa malaria, nikiwaeleza foleni ya kazi ni nini na kwa nini hawawezi kuruka mbele ya wenzao. Mke wangu ameuliza mara moja tu: "Hao wanakulipa nini?" Nikamjibu ni kwa ajili ya sayansi. Hakuuliza tena, ila fulana yenu siku hizi naikuta inafutiwa baiskeli, na sijalalamika.

Maofisa wako walikuja Tanga mara moja. Unajua tunavyosema hapa, waja leo waondoka leo. Wenyewe waliitimiza kwa vitendo: walifika saa nne, picha saa nne na nusu, saa nane gari lilishapita Kange.

Hili neno "balozi" nimelifikiria sana. Mtaani kwetu Ngamiani balozi wa nyumba kumi naye halipwi. Lakini mtu akigombana na jirani, balozi anajua aende kwa nani, na huko anakokwenda wanamjua. Anapeleka neno na anarudi na jibu. Mimi napeleka tu.

Katika semina ileile ulitupigia mfano wa Marekani, nami nikaenda kuusoma. Kweli, mwaka 2008, chini ya TeraGrid, mradi wao wa kompyuta kubwa za watafiti, walianzisha mabalozi wa vyuoni, Campus Champions. Nao hawalipwi na mradi. Ila wanapewa akaunti yenye saa zake wajaribu kazi za watu, na wakikwama wana watu wa mradi wa kuwauliza moja kwa moja. Mwaka 2011 TeraGrid ikawa XSEDE, mwaka 2022 ikaja ACCESS. Mradi umebadilika jina mara mbili, mabalozi wakabaki. Kwetu jina la mradi halijaguswa.

Wala usiniambie ni fedha. Ranger, kompyuta kubwa ya watafiti kule Texas, ilipozimwa mwaka 2013, baadhi ya makabati yake yalivuka bahari mpaka Afrika Kusini, yakagawiwa vyuo vya ukanda huu. Mitumba, tuseme ukweli, na watu wakajifunzia humo. Wewe una mashine mpya. Inayokosekana ni simu kupokelewa, na sidhani kama hiyo inahitaji mfadhili.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na madai sita. Nirudishiwe gharama za bando. Binti aongezewe saa ili arudie kazi zake. Fomu ya diski ijibiwe. Jina langu lirekebishwe kwenye kitambulisho. Mengine nimeshayafuta mwenyewe, kama ufagio wenu. Nimebaki na moja. Tupe mtu. Mmoja tu, mwenye jina na namba, ambaye balozi akimpigia anapokea, na asipojua jibu anasema sijui, nipe mpaka kesho. Hata akiwa wa kujitolea kama mimi. Watafiti wa hapa hawaiamini mashine yako, Mheshimiwa, hawajawahi hata kuiona. Wanachokiamini ni mimi nikiwaambia, na Jumatatu nilisimama mbele ya folda tupu sina la kusema.

Binti amerudi kwenye laptopu yake. Amepunguza eneo la modeli, ameacha Handeni, amebakiza Korogwe.

Alhamisi ijayo wanakuja watafiti wawili wa mikoko kutoka Pangani. Waliniomba tangu mwezi uliopita niwafungulie akaunti, na nilishawaambia waje. Naomba unijibu kabla ya Alhamisi. Jina na namba, basi.

Wako katika kujitolea,

Balozi, Tanga