Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Ukumbi wa Heshima wa Eneo la Sebei

Waheshimiwa wazee wetu, ndugu wanachama na wageni waalikwa,

Katika mkutano mkuu uliopita mlipitisha azimio kwamba chama chetu kianzishe ukumbi wa kuwaenzi watu wa Kapchorwa, Kween na Bukwo, wilaya tatu za Sebei mashariki mwa Uganda, waliolijengea eneo letu jina, nami mkanipa jukumu la kuiongoza kamati ya kazi hiyo. Taarifa ya fedha ya mweka hazina mnayo mikononi, kwa hiyo sitairudia. Itoshe kusema kwamba michango yenu imelipa kodi ya chumba, imenunua kabati moja la kioo, na haikufika kwenye rangi ya kuta. Muda wenu nitauomba kwa ajili ya jambo lililotugawa mwaka mzima, nalo ni nani anastahili kuingia na kwa kigezo gani.

Wengi wetu tulianza tukidhani jibu ni medali, na si ajabu. Tarehe 12 Agosti 2012, siku ya mwisho ya Olimpiki ya London, Stephen Kiprotich alishinda marathoni kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, ikawa dhahabu ya kwanza ya Uganda tangu John Akii-Bua aliposhinda mita 400 kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972. Mwaka 2020 Joshua Cheptegei alivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 mjini Monaco, na kabla miezi miwili haijaisha akavunja ya mita 10,000 mjini Valencia kwa dakika 26 na sekunde 11. Mwaka uliofuata, huko Tokyo, Peruth Chemutai wa Bukwo alishinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji, akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata medali ya Olimpiki, na siku mbili baadaye Cheptegei akachukua dhahabu ya mita 5,000. Eneo dogo kama letu, lililo kwenye miteremko ya Mlima Elgon, lina haki ya kusimama wima linapoyataja hayo.

Hata hivyo, kamati ilipoyapanga majina hayo ukutani kwa vipande vya karatasi ili tuone yatakavyokaa, mzee mmoja alitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama mjukuu wake asiyeweza kukimbia ataingia chumba hicho na kutoka na nini. Swali lake liliturudisha mezani. Sebei haikujengwa na miguu peke yake. Yovan Chemonges aliongoza madai ya watu wetu ya kujitenga na wilaya jirani ya Bugisu hadi tulipopata wilaya yetu mwaka 1962. Wazee wa Sabiny, kabila letu la Sebei, walikaa na kuamua kwamba wasichana wanaweza kuheshimiwa na kupewa zawadi bila kukeketwa, wakaweka Siku ya Utamaduni ambamo mema ya mila yanabaki na kisu kinaachwa, na mwaka 1998 chama chao kikapewa Tuzo ya Idadi ya Watu ya Umoja wa Mataifa. Jane Frances Kuka, mwalimu aliyekuja kuwa mbunge wa Kapchorwa, alilisema jambo hilo hilo hadharani wakati mwanamke aliyelisema alionekana msaliti wa kabila lake. Sheria ya nchi ya kupiga marufuku ukeketaji ilikuja mwaka 2010, miaka 12 baada ya tuzo hiyo. Ushujaa wa namna hii haupigiwi saa wala haupandi jukwaani, na kwa maoni yangu ni mgumu kuliko mbio, kwa sababu anayeufanya anashindana na watu wa nyumbani kwake.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kigezo kimoja: tendo lililolibadilisha eneo letu au lililolibeba jina lake mbali, likiwa na ushahidi ulioandikwa. Kibao kitaje tendo, tarehe na mahali, kisitaje sifa. Maneno kama "shujaa asiye na mfano" tumeyaondoa katika rasimu zote, kwa kuwa mtoto akisoma kwamba mtu fulani alikuwa hodari hajajifunza lolote, lakini akisoma alichofanya, siku gani na wapi, ana kitu cha kushika.

Kuna jina moja lililotuchukulia vikao kadhaa, nalo ni la marehemu Rebecca Cheptegei. Wapo waliosema kwamba hakupata medali ya Olimpiki, kwani katika marathoni ya Paris mwaka 2024 alimaliza wa 44. Niliwakumbusha kwamba mwaka 2022, huko Chiang Mai nchini Thailand, alishinda dhahabu ya dunia ya mbio za milimani za kupanda na kushuka, mbio zinazofanana na njia zetu za kila siku kuliko mbio nyingine yoyote. Mnamo Septemba 2024, wiki chache baada ya Paris, alifariki nchini Kenya kutokana na majeraha ya moto, baada ya mwanaume aliyekuwa mwenzi wake kummwagia petroli na kumwasha, na tukamzika Bukwo. Meya wa Paris wa wakati huo, Anne Hidalgo, alitangaza kwamba jiji lake litakipa jina la Rebecca kituo cha michezo. Mimi nilipoisikia habari hiyo niliona aibu, kwamba mji alimokimbia mbio siku moja tu umetutangulia sisi tuliomzaa.

Baadhi ya wanachama waliomba kibao chake kisitaje namna alivyokufa, wakihofia kwamba kifo kitafunika maisha. Nimewasikiliza kwa heshima, na sikubaliani nao. Pendekezo la kamati ni kwamba kibao kianze na Chiang Mai, kifuate Paris, kisha kifo kielezwe kwa sentensi moja iliyo wazi, kwa sababu wasichana watakaoisoma wana haki ya kujua kwamba aliuawa, na kwamba watu wake hawakuficha.

Suala la pili ni kama aliye hai atunukiwe. Hofu ya wazee inaeleweka: mtu aliye hai bado anaweza kuliharibu jina lake, na la kwetu pamoja nalo. Lakini tuwatazame jirani zetu wa Lango, kaskazini mwa Uganda. Uwanja wa Lira una jina la Akii-Bua, nalo ni jambo jema, ila mwenyewe alifariki mwaka 1997 akiwa na umri wa miaka 47, na hakuna anayeweza tena kumwuliza alivyojisikia alipopangwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, yenye kona kali kuliko zote, akashinda kwa sekunde 47.82. Kiprotich, Chemutai na Joshua Cheptegei tunaweza kuwauliza leo. Kamati inashauri walio hai wakubaliwe, kwa sharti kwamba kabla ya kibao kuwekwa mtu huyo ahojiwe na sauti yake ihifadhiwe.

Nimesisitiza ushahidi kwa sababu tumeona unavyopotea. Wilaya yetu ya zamani iligawanywa, Bukwo mwaka 2005 na Kween mwaka 2010, na kumbukumbu nazo zikatawanyika. Faili tuliyoifuata ofisi moja tulielekezwa nyingine, na huko tukarudishwa tulikotoka. Kilichotusaidia zaidi ni nyumba za watu. Mama mmoja wa makamo alitembea kutoka gombolola ya mbali akiwa na kifurushi cha leso kilichofungwa mafundo matatu. Alikifungua polepole mezani, akatoa cheti cha ualimu cha marehemu mumewe, ukingo wake ukiwa umeliwa na mchwa, na daftari lenye majina ya kila mwanafunzi aliyemfundisha, kwa wino uliofifia. Hakuomba mumewe aingizwe ukumbini. Aliomba tu daftari lihifadhiwe pasipo na mchwa. Daftari hilo ndilo kitu cha kwanza kuwekwa katika kabati letu la kioo.

Ninawajibika pia kueleza hasara tuliyoipata. Fundi tuliyempa kazi ya vibao vya majaribio alichonga ushindi wa Chemutai kuwa wa mwaka 2020, kwa kuwa michezo ile iliendelea kuitwa Tokyo 2020 hata baada ya kuahirishwa kwa sababu ya korona, ilhali mbio zenyewe zilikimbiwa tarehe 4 Agosti 2021. Kosa halikuwa la fundi peke yake. Karatasi aliyopewa ilitoka kwetu na mimi niliitia saini. Kibao kimetupwa na kingine kitalipiwa. Tangu siku hiyo hakuna maandishi yanayokwenda kwa fundi kabla ya watu wawili kuyalinganisha na kumbukumbu rasmi.

Kuhusu lugha, vibao vitaandikwa kwa Kupsabiny, yaani lugha yetu ya Sabiny, Kiswahili na Kiingereza. Waliouliza kwa nini Kiswahili nawajibu kwamba Katiba yetu iliporekebishwa mwaka 2005 ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na kwamba mgeni anayevuka mpaka wa Suam kutoka Kenya hutusalimu kwa lugha hiyo.

Leo mtapiga kura juu ya mambo matatu: kigezo cha tendo lenye ushahidi, kukubaliwa kwa walio hai, na maneno ya kibao cha Rebecca Cheptegei, ambayo yatasomwa kwa lugha zote tatu kabla ya kura. Mwanachama mwenye picha, barua, cheti au fulana ya mashindano amkabidhi katibu, ambaye atatoa stakabadhi, atanakili kitu hicho na kukirudisha kwa mwenyewe, isipokuwa mwenyewe akiomba kibaki. Kabati lina rafu nne, na tatu bado ni tupu.

Mwenyekiti