Masharti ya kuvuka mpaka tuambiwe Nyegezi, tusisubiri Mutukula

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowagharimu wasafiri wa Mwanza nauli, mitaji na hata mazishi ya ndugu zao.

Mimi ni mama mfanyabiashara, nauza vitenge na nguo za watoto Kirumba. Kwa miaka mingi nimekuwa nikifuata mzigo Kampala mara nne au tano kwa mwaka, kwa njia ya Geita, Bukoba na Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda. Zamani tulikuwa tunakesha kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo. Tangu Juni 2025 daraja la JPM limefunguliwa, na ile foleni tumeisahau. Barabara imekuwa nyepesi kuliko nilivyowahi kuota. Makaratasi ndiyo yanayotukwamisha, na mara nyingi mtu hukwama kwa sababu tu hakuna aliyemwambia.

Safari yangu iliyopita tulikuwa na binti mmoja ndani ya basi, amembeba mtoto wa mwaka mmoja na kidogo. Alikuwa anawahi msiba wa baba yake mkubwa huko Masaka, Uganda. Mkononi alikuwa na kitambulisho cha Taifa, kipya kabisa, amekitunza kwenye bahasha ya kaki. Tulipofika Mutukula afisa alikipokea, akakitazama pande zote, akamrudishia. Alimweleza kwa upole kwamba kwa kitambulisho hicho hawezi kuvuka. Binti akajibu, "Lakini shemeji yangu ni Mkenya, na pale Busia anavuka kuingia Uganda kwa kitambulisho tu."

Alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana nilimwonea huruma zaidi. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavukiane mipaka kwa vitambulisho kuanzia Januari 2014. Tanzania haimo katika makubaliano hayo. Sisi tunahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari, na mtoto naye ni msafiri, anatakiwa kuwa na hati yake. Hati hizo zinatolewa na Uhamiaji, na ofisi ya Uhamiaji ipo hapa hapa Mwanza. Kama angejua siku mbili kabla, angepita huko kwanza.

Basi halikumsubiri. Tulimwacha kwenye benchi, mtoto analia, yeye ameweka simu sikioni akiwaambia waendelee na mazishi.

Nauli alikuwa amelipa mpaka Masaka. Karani aliyemkatia tiketi Nyegezi, stendi yetu ya mabasi hapa Mwanza, alimuuliza jina, namba ya simu na mahali atakaposhuka. Hakumuuliza, "Mama, una pasipoti?" Swali hilo lisingechukua hata nusu dakika.

Watu wengi tunaambiana kwamba Afrika Mashariki ni moja. Mimi naamini hivyo kwa moyo wote. Baba yangu alibeba mizigo bandari ya Mwanza Kusini, na alikuwa akitusimulia jinsi meli zilivyokuwa zikizunguka Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell, kabla Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977. Jumuiya ya sasa nayo imetupa haki. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na kwa kanuni zake raia wa nchi mwanachama anayekwenda kutembea nchi nyingine ya Jumuiya huingia bila viza na anaweza kuruhusiwa kukaa hadi miezi sita. Haki hiyo nimeitumia, na watoto wangu wamesoma kwa hiyo.

Lakini kutodaiwa viza ni jambo moja, na kutodaiwa hati ya kusafiria ni jambo jingine. Pale stendi mambo hayo mawili yamechanganywa. Mpiga debe anakwambia, "Uganda hakuna viza, mama, panda," na wewe uliyezaliwa kijijini Magu, hujawahi kutoka nje ya nchi, unasikia kwamba hakuna kinachotakiwa. Unapanda.

Nije kwenye kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinachodaiwa mpakani, maana hiyo ilinichoma mimi mwenyewe. Katika safari yangu ya pili nilichanjwa chanjo ya homa ya manjano siku ya Alhamisi, nikaondoka Jumatatu. Nilikuwa na kadi halisi na muhuri halisi. Mpakani nikaambiwa kadi yangu bado haijaanza kufanya kazi, kwa sababu cheti hicho huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya sindano, mwili ukishapata muda wa kujenga kinga. Aliyenichoma hakunidokeza hata neno. Nilirudi Bukoba, nikalala kwa mtu niliyemfahamu njiani, na arubuni niliyokuwa nimeacha kwa mwenye mzigo Kampala ikapotea. Kwa mtaji wangu wa wakati ule, hilo lilikuwa pigo la miezi mitatu.

Kuna na upande wa pili wa jambo hilo hilo. Zamani kadi ilikuwa inahesabiwa kwa miaka 10, halafu unachanjwa upya. Tangu tarehe 11 Julai 2016, chini ya kanuni za afya za kimataifa zinazosimamiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), cheti hicho ni cha maisha, pamoja na vile vilivyotolewa kabla ya tarehe hiyo. Mpaka leo nakutana na akina mama wenye kadi za mwaka 2008 au 2009 ambao wameambiwa na watu wa stendi kwamba zimekwisha muda, wakalipia nyingine. Wengine wanauziwa kadi bila sindano. Hao nawasihi kama ndugu zangu: msinunue. Homa ya manjano inaenezwa na mbu, haina dawa ya kuiponya, na chanjo ndiyo kinga yetu. Mwaka 2016 Uganda ilitangaza mlipuko wake, na Masaka ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizopata wagonjwa, pamoja na Kalangala, visiwa vilivyo ndani ya ziwa letu hili hili. Kadi ya kununua inaweza kumpita afisa aliyechoka saa tisa usiku, ila mbu hasomi kadi. Na wakati wa kurudi unaulizwa tena, kwa kuwa Tanzania nayo inamdai kadi hiyo anayetoka katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Uganda na Kenya zote zimo.

Yapo na mengine madogo ambayo humkwamisha mtu asiyeyajua. Tangu mwaka 2017 Mutukula ina kituo cha pamoja, maafisa wa nchi zote mbili wako katika jengo moja. Kwenda Uganda unahudumiwa upande wa Uganda: dirisha la kwanza Tanzania wanakugongea kutoka, la pili Uganda wanakugongea kuingia. Nimeshuhudia mzee akijiunga na foleni fupi, akagongewa kuingia Uganda huku kwao haijulikani kama ametoka. Alihangaika sana siku ya kurudi. Halafu soma siku ulizoandikiwa kwenye muhuri kabla hujatoka dirishani. Ile miezi sita ni ukomo wa juu, afisa anaweza kukuandikia pungufu, na siku zikipita bila kuongezewa umeshakuwa mkosaji katika nchi ya watu.

Mtu aliyerudishwa mpakani, aliyetumia akiba yake yote kwenye nauli, hana nguvu ya kurudi Mwanza akaanze upya. Ndipo bodaboda anapomsogelea na kumwambia ipo njia ya panya. Mama mwema, aliyetoka kwake kwenda kuzika, anageuka mvunja sheria kwa muda wa nusu saa. Akiugua huko, akiibiwa, akipata ajali, anaogopa hata kwenda polisi, kwa sababu hakuna muhuri unaoonyesha kwamba aliingia.

Wapo watakaosema mtu mzima ajitafutie, masharti yote yako kwenye mtandao. Nimelitafakari hilo kwa dhati. Mtandaoni unapata jibu la swali ulilouliza. Yule binti hakujua kwamba kulikuwa na swali la kuuliza. Alijua ana kitambulisho, na alijua shemeji yake anavuka kwa kitambulisho. Angetafuta nini?

Sasa nilinganishe na ndege. Mwaka juzi nilimsindikiza kaka yangu uwanja wa ndege wa Mwanza, akienda India kutibiwa kupitia Dar es Salaam. Kabla hajapewa kadi ya kupandia ndege, dada wa kaunta alikagua pasipoti kama ina muda wa kutosha, akakagua viza ya matibabu, akakagua na viza ya mke wake aliyekuwa anamwuguza. Nilidhani ni ukarimu. Kijana mmoja anayefanya kazi za usafiri wa anga akanieleza kwamba shirika la ndege likimfikisha abiria ambaye amekataliwa kuingia kwa kukosa hati, shirika hilo hilo ndilo linalowajibika kumwondoa, na katika nchi nyingi linatozwa faini juu. Kwa hiyo linauliza mapema, kwa sababu lisipouliza litaumia.

Basi la kwenda Kampala au Nairobi haliumii. Abiria akikataliwa Mutukula, au Sirari kwenye mpaka wa Kenya, kiti chake kinapata mtu mwingine palepale mpakani, na nauli imeshaingia. Siwalaumu makarani, wengi ni vijana wanaofanya kazi waliyoelekezwa. Nasema utaratibu umewekwa hivyo kwamba hasara yote inamwangukia asiyejua.

Ombi langu kwa wahusika ni hili. Wenye mabasi yanayovuka mpaka, pamoja na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini inayoyasimamia, waweke sharti kwamba tiketi ya nje ya nchi haikatwi mpaka karani aulize pasipoti au hati ya dharura, hati ya mtoto, na kadi ya njano pamoja na tarehe ya sindano. Majibu yaandikwe kwenye tiketi. Kama abiria hakuulizwa na akakataliwa mpakani, basi hilo au la kampuni hiyo hiyo limrudishe Mwanza bila nauli, na arudishiwe sehemu ya safari ambayo hakusafiri. Likiwekwa hilo, naamini maswali yataanza kuulizwa ndani ya wiki moja.

Uhamiaji na watu wa afya mipakani nawaomba wabandike masharti stendi ya Nyegezi na bandarini, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo bibi asiye na miwani anaweza kuziona. Yawekwe na yale ya Kenya, maana wanaopita Magu, Bunda na Tarime kwenda Sirari ni wengi kama sisi wa Mutukula. Ikiwezekana, redio zetu za hapa mjini ziyasome asubuhi wakati watu wanafungua biashara, na kwa Kisukuma pia yasemwe, kwa ajili ya wazee wetu wanaokwenda kuwaona wajukuu walioolewa ng'ambo.

Pasipoti inagharimu shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Nawaambia wenzangu wa Kirumba kwamba ukiigawa kwa safari unazokwenda, ni ndogo kuliko arubuni niliyopoteza mara moja. Lakini siwezi kumwambia kila abiria.

Baada ya kumwacha yule binti, niliporudi Mwanza niliandika masharti haya kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi mbili, moja ya Uganda na nyingine ya Kenya. Nikamwomba karani mmoja wa Nyegezi ayabandike kwenye dirisha lake, akakubali bila shida. Jua la mchana linapiga upande ule na wino umeanza kufifia. Watu wanasimama na kusoma, kisha wanamuuliza karani kama maneno hayo ni ya kweli, kwa kuwa hayana muhuri wa ofisi yoyote.

Mfanyabiashara wa vitenge,
Kirumba, Mwanza