Jiwe la betoni si uongo, uongo ni ile rangi ya kupaka juu

Bwana mhariri,

Salamu kutoka Katindo, hapa Goma. Nilisoma barua ya mwenzetu mu gazeti ya juma lililopita, ile alisema betoni yenye kufanana na jiwe ni udanganyifu na masoni wenye kuifanya wanakula feza za watu bure. Mimi niko masoni, niliumia kusoma vile, lakini nusu ya maneno yake njo kweli kabisa na ni hiyo nusu imenifanya niandike.

Pita hapa mjini utaona kuta zilizopigwa krepi, ni ule udongo wa simenti na mchanga wa kupaka ukutani, zikachorwa mistari na ncha ya musumari, zikapakwa rangi ya mafuta ya kijivu, eti ni mawe. Msimu mumoja wa mvua rangi inabanduka kama ngozi ya nyoka, simenti tupu inatokea. Mimi mwenyewe nilifanya kazi ya namna hiyo kwa mama mumoja, mwaka haukuisha akaniita nione, sikuwa na la kumjibu, nikarudia ukuta wote kwa feza zangu.

Tangu siku ile nilishika jambo moja, rangi inapaswa kuwa ndani ya betoni. Tunatumia unga wa oksidi ya chuma, ni kutu ileile yenye kufanya udongo uwe mwekundu, na jua haliwezi kuibadilisha. Unapima na mizani, kilo mbili na nusu kwa mufuko wa simenti wa kilo 50, unachanganya vikiwa vikavu mbele ya kutia maji. Ukipita kilo 5 unapunguza nguvu ya simenti na rangi haiongezeki. Wengi wanatia kwa kukisia na mkono, njo maana upande huu uko mweusi ule mwingine umefifia. Maji nayo, kila ukizidisha rangi inapauka na ule unga mweupe wa chokaa unatokea juu. Nyeusi ya masizi nayo musinunue hata ikiwa bei chini, mvua inaiosha.

Kisha sura. Jiwe la kweli halina mstari wa rula, na sisi wa Goma tungepaswa kujua hilo kuliko wote, lava ya volkano yetu Nyiragongo ya tarehe 17/01/2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani na tumejenga juu yake. Shika jiwe lake mukononi, liko na vitundu vyenye gazi iliacha wakati bado moto, vikubwa kwa vidogo bila mpango. Mimi kuvipata natumia chumvi ya mawe, krepi ikiwa bado mbichi lakini kidole hakizami tena naigandamiza humo, kesho yake naosha na maji na brosi, chumvi inayeyuka vitundu vinabaki. Lakini tafazali, musifanye vile kwa nguzo ao dale, ile sakafu ya betoni, yenye vyuma ndani, chumvi inakula chuma. Ni kwa krepi nene tu isiyo na chuma. Ngozi ya jiwe nayo naichukua kwa jiwe lenyewe, nalifunika na sashe nyembamba nagandamiza, nageuza, nagandamiza tena, maana alama moja ikirudi mara mbili jirani, jicho linashika palepale. Na viungo, ile mistari kati ya jiwe na jiwe, vinne visikutane kama musalaba. Wenye kutafuta mulu ya silikoni, ile forma ya mpira ya kunakili sura ya jiwe, wazibe kwanza vitundu vya jiwe na udongo ao nta, kama sivyo silikoni inaingia ndani na mulu inapasuka ukiitoa.

Ikikauka napakaa maji yenye rangi nyeusi kidogo kila mahali, halafu nafuta migongo na sponji, giza linabaki mashimoni. Hapo njo watu wanasimama na kugusa. Siku 7 za kwanza namwagilia ukuta, vernisi nangoja siku 28.

Mwenzetu aliuliza kwa nini tusiweke lava ya kweli. Kwa kibambazi cha chini mimi nawaambia kiliya wangu vilevile, wekeni jiwe. Lakini kwa etaji, uzito wa mawe yale nani ataubeba? Krepi ya sentimita tatu inatosha. Na kuhusu uongo, Joseph Aspdin wa Uingereza alipoandikisha simenti yake mwaka 1824 aliiita Portland kwa sababu ikikauka ilifanana na jiwe la Portland la kwao. Simenti ilizaliwa na hiyo hamu.

Ombi langu, shule za ufundi ziwafundishe vijana kupima rangi na kufanya sampuli mbele ya ukuta, maana rangi ikiwa na maji si ile ya kikavu. Zangu nne ziko juu ya kibambazi hapa parseli tangu mvua ya mwezi wa 9, tatu ziko vilevile, ile ya masizi imeshapauka. Mwenzetu akipita Katindo aje azione.

Masoni wa Katindo, Goma