Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Kijiji, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu na kufika hapa shuleni, licha ya ubovu wa barabara ambao nawe umejionea. Klabu yetu imeomba kusema nawe juu ya sumu mbili zinazozalishwa karibu na nyumba zetu hapa mkoani Geita, nazo ni mvuke wa zebaki na moshi wa nyaya za umeme.

Mheshimiwa, wengi wetu ni watoto wa wachimbaji wadogo. Sare hizi na madaftari yetu yamenunuliwa kwa dhahabu, kwa hiyo hatukuja kuwashitaki wazazi wetu. Hata hivyo, mwenzetu mmoja alitusimulia jinsi anavyomshikia baba yake tochi usiku, wakati kidonge cha rangi ya fedha, kilichokwisha kukamuliwa kwa kitambaa, kinapowekwa juu ya jiko la mkaa lile lile lililotoka kupikiwa maharage. Kidonge hicho ni mchanganyiko wa dhahabu na zebaki. Kikipata moto zebaki hupaa na dhahabu hubaki ikiwa ya njano, na familia nzima husogea kuitazama. Moshi wa kuni ukizidi mtu hukohoa na kutoka nje, lakini mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu, kwa hiyo hakuna anayetoka. Sehemu kubwa ya mvuke unaovutwa huingia kwenye damu kupitia mapafu, na anayeuvuta kwa muda mrefu hutetemeka mikono, husahau na huharibika figo.

Zebaki inayomwagika mialoni, yaani sehemu za kuoshea mchanga wa dhahabu, haiishii pale. Mvua huisomba hadi mitoni na ziwani, ambako vijidudu vya kwenye tope huigeuza kuwa methili-zebaki, sumu kali zaidi, ambayo hupanda kutoka samaki mdogo hadi samaki mkubwa anayemla. Wajapani wa mji wa Minamata waliijua sumu hiyo kwa uchungu. Kiwanda kimoja cha kemikali kiliimwaga kwenye ghuba yao, na ugonjwa uliotokana nayo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, lakini umwagaji haukukoma hadi mwaka 1968. Wapo akina mama walioonekana wazima, au wenye dalili ndogo tu, wakazaa watoto wenye ulemavu mkubwa, kwa sababu sumu hiyo hupita kwenye kondo la nyuma na kuushambulia ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Mkataba wa kudhibiti zebaki uliopitishwa mwaka 2013 ulipewa jina la mji huo, na nchi yetu iliuridhia mwaka 2020. Mkataba unataka uchomaji wa zebaki kwenye makazi ya watu ukomeshwe, na vilevile marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, yakiwa na zebaki yasilowekwe kwenye sayanaidi, kemikali ya kuyeyusha dhahabu iliyobaki, kabla zebaki haijaondolewa. Mambo yote mawili, Mheshimiwa, tunayaona tukitembea kwa miguu kutoka hapa.

Kuhusu nyaya, vijana wanaouza chuma chakavu huzichoma jioni nyuma ya soko ili wapate shaba. Ganda la waya huwa ni plastiki ya PVC, ambayo imetengenezwa kwa klorini, na plastiki hiyo ikiungua pamoja na shaba hutoa sumu iitwayo dioksini. Dioksini hutua kwenye majani na vumbi, ikaingia kwenye mafuta ya maziwa ya mbuzi na kwenye mayai ya kuku wanaochakura pale pale, na ndani ya mwili wa binadamu huchukua miaka 7 hadi 11 kupungua kwa nusu tu. Waya unaweza kuchunwa kwa kisu. Tulipowauliza vijana wale kwa nini hawafanyi hivyo, walijibu kwamba moto ni wa haraka, nasi tunakiri kwamba hapo hawakudanganya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba mialo ihamishwe mbali na shule na kisima, na maji ya kisima hicho yapimwe zebaki. Tunaomba wauguzi wa zahanati yetu wapewe mafunzo ya kutambua dalili za sumu hii, maana mzee anayetetemeka mikono hapa huambiwa ni uzee. Ombi letu kubwa ni retoti, chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba, ambacho huunasa mvuke, huupoza na kuirudisha zebaki iwe maji maji, ili mchimbaji aitumie tena badala ya kununua nyingine.

Retoti moja, tuliyoazima kwa mchimbaji jirani, iko mezani mbele yako, haina kitu ndani. Tunaomba uifungue mwenyewe, kisha uwaoneshe wazazi waliokaa nyuma.

Tunaomba kuwasilisha.