Binti anayemtafsiria mama yake ameshaanza uwakili

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma kwenye simu kila nikitoka zamu ya usiku, na habari za Walatino wa Marekani, yani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, mnaziandika, sikatai, ila mara nyingi ni ukuta, mpaka na kufukuzwa. Leo naomba nafasi niwasemee mabinti zao wanaotaka kusomea sheria, maana naishi nao mlango kwa mlango hapa Houston na naona wanavyokata tamaa.

Jirani yangu ni mama wa El Salvador. Miaka kadhaa nyuma alibandikiwa barua mlangoni, ahame ndani ya siku 3. Kiingereza kinampa tabu, akamwita binti yake wa miaka 11 asome. Nilikuwepo. Mtoto anasoma anatafsiri, akifika neno gumu anaweka kidole juu yake asipotee mstari, anatafuta kwenye simu, anaendelea. Mama kashaanza kutoa nguo kabatini. Mtoto akasema subiri mama, hizi siku 3 ni za kututoa au ni za kusubiri kabla hawajaenda kushtaki? Yani swali hilo hilo ndo sheria yenyewe, maana hapa Texas barua ile ni onyo tu, mwenye nyumba akitaka kukutoa lazima apite kwa hakimu kwanza. Nguo zikarudi kabatini.

Yule binti sasa yuko mwaka wa mwisho chuo, ananiita tía, yani shangazi, na juzi kaniambia shule ya sheria kaachana nayo, eti siyo ya watu kama yeye. Iliniuma sana.

Ukicheki hesabu utamwelewa. Walatino ni karibu mtu mmoja kati ya watano Marekani nzima, ila kwenye mawakili 100 Walatino ni kama 6, na wanawake wao peke yao hawafiki hata 3. Mahakama ya Juu ya Marekani imepata Mlatina, yani mwanamke wa Kilatino, mmoja tu tangu ianze, Sonia Sotomayor, mwaka 2009. Na huyo hakutoka kwenye hela, kalelewa Bronx, New York, kwenye nyumba za serikali, wazazi wametoka Puerto Rico, baba hajui Kiingereza na akafariki binti ana miaka 9, mama nesi akawalea yeye na mdogo wake mpaka binti akafika vyuo vikubwa vya Princeton na Yale.

Kuna na mwingine watu hawamtaji, Vilma Martínez wa hapa hapa Texas, San Antonio. Aliongoza MALDEF, lile shirika la mawakili wanaotetea Walatino, kuanzia 1973, na chini yake ndo wakapigana kesi ya watoto wasio na karatasi za kuishi nchini waliokuwa wanazuiwa shule Texas wasipolipa ada. Mwaka 1982 wakashinda Mahakama ya Juu, na mpaka leo mtoto wa aina hiyo anaingia darasani bure.

Sasa kinachowatisha. Kwanza ile hukumu ya Mahakama ya Juu ya tarehe 29 Juni 2023, vyuo vimekatazwa kuangalia asili ya mtu wakati wa kupokea wanafunzi. Sotomayor mwenyewe aliipinga. Ila mabinti wengi wamesikia nusu, wanadhani sasa hata kutaja kwamba wewe ni Mlatina ni kosa kwa hiyo wanaandika insha ya kujieleza kavu kabisa, kumbe Jaji Mkuu Roberts kwenye hukumu hiyo hiyo aliandika kwamba mwombaji anaweza kueleza asili yake ilivyomgusa maishani, na chuo kinaruhusiwa kulipima hilo kama linaonyesha ujasiri wake au uwezo wake yeye. Nikamwambia yule binti, ile barua ya siku 3 iandike jinsi ilivyokuwa, usiipunguze.

Pili hela, na hapa sitamdanganya mtu, pabaya. Huku sheria unaisoma baada ya digrii ya kwanza, miaka 3 mingine, na shule kubwa za binafsi nyingi ada peke yake inapita dola 70,000 kwa mwaka. Zamani mkopo wa serikali uliweza kufunika gharama zote. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imeufuta ule mkopo kwa wanaoanza kukopa kuanzia tarehe 1 Julai 2026, mkopo wa serikali uliobaki kwa wa sheria sasa mwisho ni dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Pengo lililobaki unaenda benki, na benki inataka mdhamini mwenye rekodi nzuri ya mikopo, sasa mama anayelipwa keshi kufua na kupika atatoa wapi rekodi? Kwa hiyo mabinti, msiangalie jina la shule tu, tafuteni iliyo tayari kuwakatia ada, shule za jimbo ziangalieni, na mkipewa skolashipu sehemu moja semeni kwa shule nyingine bila aibu, watu wanaongezewa. Hata LSAT, mtihani wa kuingilia shule ya sheria, unaopita dola 200 una msamaha kwa wenye kipato kidogo, ila uombe kabla hujalipa.

Mhariri, hili linatuhusu na sisi. Kwenye mahakama za uhamiaji serikali haina wajibu wa kukupa wakili, huna hela unasimama peke yako, hata kama ni mtoto. Waafrika na Walatino tunakaa benchi moja pale, na wakili anayejua kilivyo kumtafsiria mama yake barua mimi namtaka awe upande wangu.

Yule binti kajisajili mtihani wa Januari. Mama yake keshaomba kubadilishiwa zamu ampeleke.

Msomaji wenu,
Houston, Texas