Mchango wa ukoo unanitetemesha mikono

Ndugu Mshauri,

Mimi ni kijana wa miaka 27, mkazi wa Moshi, na ninacheza gofu ya kulipwa, ingawa siku hizi naona haya kuitaja kazi hiyo mbele za watu. Nilianza nikiwa na miaka 12 kwa kubeba mifuko ya wachezaji katika kiwanja cha mashimo 9, na kwa muda mrefu fimbo yangu ilikuwa moja tu, chuma namba 7, niliyoachiwa na mteja aliyekuwa anahama nchi. Mwaka juzi niliacha gofu ya ridhaa.

Wengi hudhani kwamba mchezaji wa kulipwa ana mshahara. Ukweli ni kwamba kwa kawaida inambidi kwanza apite mchujo ndipo apate kadi ya kushiriki mashindano ya msimu, na kiingilio, nauli na malazi vyote ni juu yake. Mchujo wa Ulaya una hatua tatu, na ya mwisho huchezwa Hispania kwa raundi sita, yaani mashimo 108, wakitafutwa 20 bora pamoja na waliofungana nao. Mimi sijafika huko. Nilikwenda nchi jirani kwenye mchujo mdogo zaidi, na hata huo nikaukosa kwa mkwaju mmoja.

Safari hiyo iligharimiwa na ukoo. Mama alikopa shilingi 1,200,000 kwenye kikoba chake, mjomba akauza ng'ombe wa maziwa, na binamu zangu wa Dar es Salaam wakafungua kundi la WhatsApp ambamo orodha ya waliotoa na waliobakiza ahadi ilibandikwa kila jioni, chini ya picha yangu.

Nilipofika shimo la mwisho nilibakiwa na mpira wa futi nne tu kutoka shimoni, mteremko kidogo kuelekea kushoto, mpira ambao nyumbani naupiga huku nikizungumza. Nilipousimamia sikuliona shimo. Niliona lile daftari la kikoba lenye jalada la bluu na jina la mama likiwa limepigiwa mstari. Mkono wa kulia ukashtuka. Mpira ulizunguka ukingo wa shimo, ukatoka, ukatulia pembeni kama kwamba unanisubiri. Kedi wangu, yaani mbeba mfuko wangu, aliinama kuokota bendera na hakuniangalia usoni mpaka tulipofika kwenye basi.

Linalonichanganya ni kwamba woga huu haunipati kwa sababu ya fedha zenyewe. Jioni nacheza na wenzangu kwa dau la shilingi 10,000 ya mfukoni mwangu, nami sitetemeki hata siku ambayo hiyo ndiyo ya chakula. Nikienda Usa River kwenye kiwanja cha mashimo 18, narudi na alama za kuridhisha kabisa. Mikono hunisaliti pale tu ninapojua kwamba mkwaju huo si wangu peke yangu.

Sasa Desemba inakaribia, na kama ilivyo desturi yetu Wachaga, ukoo wote utapanda Kibosho, nyumbani kwetu mlimani. Mjomba amekwisha kunipigia simu kwamba mbele ya wazee, kabla ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kuanza kuzunguka, atatangaza mchango wa pili. Nimemjibu, "Sawa, mjomba," kwa kuwa sikupata jingine la kumwambia mtu aliyeuza ng'ombe kwa ajili yangu.

Mke wangu anashauri nirudi kwenye ridhaa, na kanuni zilizoanza mwaka 2022 zinaruhusu kuomba kurejeshewa hadhi hiyo, kwa kawaida baada ya kungoja miezi sita. Mimi ningependa nifundishe watoto wa wanachama kwa mwaka mmoja, nimalize deni la mama, kisha niende kwenye mchujo kwa fedha yangu hata kama ni kwa basi la usiku. Lakini nikiwa peke yangu najiuliza kama huo ni mpango kweli, au ni woga umepata mahali pa kujificha.

Naomba ushauri wako katika mambo mawili. Je, nitaukataaje mchango huu mbele ya wazee bila kuonekana nimewadharau walioninyanyua? Na je, yafaa nimweleze mama habari za lile daftari, au nitakuwa namtwika lawama ambayo si yake? Nitashukuru ukinijibu kabla ya sikukuu.

Wako,
Mcheza gofu, Moshi