Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi

YAH: NAKALA ZA VITAMBULISHO ZINAZOZAGAA MITAANI

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Ninakuandikia kutoka Makorora, jijini Tanga, nikiwa mhazini wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa chenye wanachama 28. Wiki iliyopita nilinunua karanga za kukaanga zilizofungwa kwenye karatasi, na nilipoikunjua nyumbani nikakuta ni nakala kivuli ya kitambulisho cha taifa cha kijana mmoja, sura yake ikinitazama na namba zake zote 20 zikisomeka, isipokuwa mafuta ya karanga yalikuwa yameloanisha tarehe ya kuzaliwa. Hata kama tarehe hiyo ingefutika kabisa isingemsaidia kitu, kwa sababu tarakimu 8 za mwanzo za namba ya NIDA, mamlaka inayotoa vitambulisho hivyo, ndizo mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa mtu.

Ninafahamu kwamba Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu, kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kwamba Tume yako ilizinduliwa na Mheshimiwa Rais Aprili 2024. Kwa tunavyoona sisi wa huku chini, sheria hiyo imeshafika kwenye taasisi kubwa, ambazo siku hizi hutuwekea kurasa ndefu za kubonyeza “nakubali”, lakini steshenari za mitaani haijazipigia hodi.

Na steshenari ndiko tunakopita sote. Anayeomba kazi, anayefuatilia mkopo wa halmashauri unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake, anayemwandikisha mtoto shule, wote huituma picha ya kitambulisho kwa WhatsApp kwenye simu ya kijana wa steshenari, naye huifungua kwenye kompyuta, akaichapa, akapokea fedha yake na kumwita anayefuata. Faili linabaki pale pale. Juzi nikiwa kwenye foleni nilihesabu kwenye kioo cha kompyuta hiyo mafaili zaidi ya 40 yenye majina ya watu: barua za kazi, vyeti vya kuzaliwa, mkataba wa kiwanja, na majibu ya vipimo vya hospitali vya mtu ninayemfahamu. Niligeuza macho, lakini nilikuwa nimekwisha kuona. Kijana yule si mwizi, na ninaamini angeyafuta yote jioni ile ile kama kungekuwa na mtu aliyewahi kumwambia kwamba inampasa kuyafuta.

Mwanachama wetu mmoja, mtu mzima, alikwenda kusajili laini ya simu kwa wakala wa chini ya mwavuli. “Bonyeza tena mama, haijasoma,” akaambiwa mara tatu, naye akabonyeza kidole mara tatu. Miezi michache baadaye tulipopiga *106# tukakuta laini mbili asizozijua zimesajiliwa kwa jina lake, na hadi leo halali vizuri akiwaza ni nani anayeandikiwa kwa laini hizo ule ujumbe wa matapeli, “ile hela itume kwenye namba hii”. NIDA ilichukua alama za vidole vyake vyote 10. Hana kidole kingine cha kubadilisha.

Kuhusu daftari la wageni la gesti, linaloachwa wazi mapokezi na jina, kabila, utokako na uendako ili kila apitaye ajisomee, sitasema mengi. Mji wetu ni mdogo.

Ninaomba Tume itumie maafisa biashara wanaotoa leseni na watendaji wa kata kufikisha kwa kila steshenari, wakala na gesti tangazo la ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida, linaloeleza nini kifutwe, lini, na karatasi iliyoharibika ichanwe vipi kabla haijauzwa kwa wenye karanga. Ninaomba pia ofisi zinazodai nakala zitueleze zinazitaka kwa kazi gani, maana kikundi chetu kimekwisha kupeleka nakala zile zile kwenye ofisi moja mara tatu kwa mkopo mmoja, na hakuna aliyeweza kutuambia zile za mwanzo zilikwenda wapi.

Nami sijitoi. Nina bahasha yenye nakala za vitambulisho vya wanachama wote 28, pamoja na za wawili waliokwisha kujitoa na mmoja aliyefariki. Kwa maneno ya sheria mimi ni mkusanyaji wa taarifa binafsi, na sheria inataka wakusanyaji wajisajili kwako na wasikae na taarifa kupita muda unaohitajika. Je, kikundi cha watu 28 kinapaswa kusajiliwa kama inavyosajiliwa benki? Na zile nakala tatu, nizichome, nizirudishe kwa wenyewe na kwa familia ya marehemu, au nisubiri? Bahasha ilikuwa chini ya godoro. Tangu siku ile ya karanga nimeihamishia kabatini, na ufunguo ninatembea nao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhazini wa kikundi,
Makorora, Tanga